Shemeji Yangu na Uso Usiokatwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni fundi cherehani na ni mwoga. Nayasema yote mawili kwa heshima. Uoga wake si ule wa kukimbia. Kukimbia kunataka nguvu. Uoga wake ni wa kukaa. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anatazama kwanza nani yuko karibu ndipo atazame juu.

Kazini hukaa na pini mdomoni, zimepangwa midomoni kama meno ya samaki, na kwa sababu hiyo miaka nenda miaka rudi majibu yake kwa watu yamekuwa "mm". Wateja wakaamini ana busara. Mwanamke analeta kitambaa, anaeleza mambo ya mumewe, ya mama mkwe, ya mpangaji wa chumba cha pili, fundi anaitikia "mm", na mwanamke anaondoka amepona. Dada yangu, ambaye alipogawiwa ulimi sisi wote tulibaki na mabaki, husema: "Nilidhani naolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na kikopo cha pini."

Lakini umpe mkasi. Hapo utamwona mtu mwingine. Anakitandaza kitambaa mezani, anakizunguka, anapiga chaki kidogo hapa na pale kama anayemfukuza nzi, halafu anakata. Hakati mara mbili. Mkasi unaingia pindoni na kutokea shingoni bila kuuliza njia. Nimewahi kuona mafundi wa mjini wenye vioo vikubwa na viyoyozi, wanakata kwa kuonja, kama mtu anayekula kwa watu. Shemeji anakata kama aliyekiumba kitambaa chenyewe. Dakika hizo hata mimi namwogopa, na mimi simwogopi mtu.

Sasa nikueleze kidogo jinsi mtu mmoja anavyoitia nchi nzima mfukoni. Wasomi wameandika vitabu vinene juu ya jambo hili. Mimi nitalimaliza kabla chai yako haijapoa.

Mlezi, huyu anayetutawala, alikuja baada ya watu waliokuwa wakila mpaka wakaanza kulamba sahani. Hakuna aliyemjua. Alisema anaomba muda mfupi tu wa kufagia, kisha atarudi kwao. Watu wanampenda mtu mwenye ufagio. Hakuna anayeuliza takataka ni nani. Gazeti la kwanza kufungwa lilikuwa limeitukana timu yetu ya mpira, tukacheka. La pili lilikuwa limewasema walimu, wakacheka walimu. Lilipofungwa lile tulilolipenda, halikuwapo tena gazeti la kutuambia kwamba limefungwa. Baadaye wakaguswa mawakili, na nani katika dunia hii ameshamlilia wakili? Akaja kwa wafanyabiashara, kwa vyama vya wafanyakazi, kwa wahubiri wenye midomo. Alitula kama mtu anavyokula muwa, pingili baada ya pingili, na kila pingili ilidhani yenyewe si muwa.

Akaanza kuitwa Mlezi wa Taifa. Mtu aliyeshindwa kulea hata masharubu yake, yakawa yanapakwa rangi.

Lakini mtu mmoja hawezi kukaa kila mtaa. Anahitaji mtu wake kila mahali, na hapo ndipo nilipoona akili yake, ndogo lakini ipo: hakutafuta watu wema. Mtu mwema ana shughuli zake. Walipokuja mtaani kwetu kutafuta katibu, mwalimu alisema ana mitihani ya kusahihisha, mwenye duka akasema hana wa kumwachia duka, mimi nikasema sauti yangu ni kubwa kwa ofisi ndogo. Kila mwenye haya alitazama viatu vyake. Mkono uliobaki juu ulikuwa wa Vali.

Vali alikuwa mziba pancha ukutani mwa shule. Jina hilo tulimpa kwa sababu ukimwachia baiskeli yenye vali mpya unarudishiwa yenye vali ya zamani, na ukimuuliza anakuapia kwa mama yake, ambaye alikuwa hai na alikuwa akimkana. Biashara ilipopungua alikuwa anatupa misumari njiani asubuhi, anakaa kivulini, anakungoja uje ukikokota gurudumu, anakupa pole. Mtaa mzima tulijua. Tulikuwa tunacheka, tunalipa, tunakwenda zetu. Mlezi akampa ofisi, kofia na kipaza sauti, na wale wale waliokuwa wakimtishia ngumi kwa sababu ya vali wakaanza kumwamkia kwa mikono miwili. Mimi nilitumia mmoja na nusu.

Kikaja kitambaa.

Kilitolewa kwa majora, kimechapwa sura ya Mlezi ndani ya duara, ukubwa wa sahani ya wali, na sahani hizo zimebanana mwanzo wa kitambaa hadi mwisho kama vyombo vilivyoanikwa. Mchoraji alikuwa amempunguza mashavu na kumwongezea shingo. Kila mwanamke mwenye kazi, mwenye meza sokoni au mwenye mtoto shuleni alitakiwa avae gauni la kitambaa hicho siku ya mkutano mkubwa uwanjani. Vali akatuita mbele ya ofisi, akasimama juu ya kreti la soda, akatumia kipaza sauti ingawa tulikuwa karibu kiasi cha kunusa alichokula.

"Uso wa Mlezi haukatwi na mkasi," akasema. "Uso wa Mlezi haugeuzwi kichwa chini. Uso wa Mlezi haukaliwi. Uso wa Mlezi haukai kwapani. Nimemaliza."

Shemeji akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kolani. Nikajua ametikisika.

"Katibu, samahani. Mkono wa gauni nitautolea wapi?"

"Mkono wa nini?"

"Wa gauni. Ili mkono uingie, lazima pakatwe. Na hapa pa kupita hapana. Nyuso zimebanana."

"Wewe ni fundi au si fundi?"

"Ni fundi."

"Basi shona."

"Nishone bila kukata?"

"Nimesema usikate uso. Sikusema usikate. Sikilizeni vizuri nyie watu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Walikuwa wakiipenda methali hiyo kama vile mkuu ndiye aliyeitunga.

Nyuma kabisa sauti ya kike ikauliza: "Na uwanjani tutakaaje?"

"Mtasimama."

"Kutwa?"

"Mlezi hasimami kwa ajili yenu?"

"Anakaa. Tunamwona kwenye televisheni."

"Nani huyo kasema?"

Mimi nilijua nani kasema, nimelelewa naye. Shemeji naye alijua, maana alikuwa ameanza kuzirudisha pini mdomoni kwa haraka, kama mtu anayefunga duka.

Nakiri siku ile niliwaona wajinga tu. Nilichelewa kuelewa, jambo ambalo kwangu si kawaida. Sheria inayoshikika haimfai mtu wa namna hii. Ikishikika, watu wataishika, watalala usingizi. Yeye anataka sheria ambayo kabla hujanywa uji umeshaivunja. Hapo hana haja ya kumtafuta mkosaji, wote mko kundini, kazi yake ni kunyoosha kidole tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema; wetu sisi alichapwa kabisa juu ya nguo.

Mafundi walifanyaje? Walikata. Mlango umefungwa, kitambaa sakafuni, redio imefunguliwa sauti ya juu ili mkasi usisikike. Vali akawa anapita. Anasimama kibarazani, anatega sikio, anasema: "Nimesikia mkasi." Fundi anatoka na jasho. Huyu akamshonea suruali, yule mapazia ya sebule, mwingine sare za wanawe. Na baada ya kuipokea suruali anauliza kwa upole kabisa: "Na mwenzako yule, naye anakata?" Nguo haikumtosha. Alitaka kila fundi amuuze fundi jirani, hata kama ni kwa "mm" moja.

Kwa shemeji alikuja na shida ya mwili.

"Fundi, nataka mto wa kiti. Mnene. Ofisi ya umma wamenipa kiti cha mbao, na mimi nina matatizo yangu."

Dada yangu alikuwa anashona vifungo pembeni. "Matatizo gani, Katibu?"

"Ya kiti."

"Ya kiti, au ya mwenye kiti?"

"Mama watoto," shemeji akasema kwa pini.

"Nauliza ili nijue unene."

"Nitasubiri hapa hapa," Vali akasema, akaegemea mlango, akaanza kutuhesabia punje za subira yake. Kila dakika: bado? Dada yangu akashindilia, akafunga mdomo wa mto kwa mshono wa kushikiza, ule mrefu wa haraka unaowekwa ili nguo ikae tu mpaka ishonwe kweli. Vali akaunyakua, akaenda nao kifuani kama aliyepewa mtoto wa kumbeba.

Nikueleze desturi moja ya ushonaji kama huijui. Mabaki ni ya fundi. Vipande vyote vinavyoanguka mezani vinaingia gunia lililo chini ya meza, na gunia likijaa mwanamke wa nyumba hiyo anavishindilia kwenye mito. Ndivyo alivyofanya bibi wa fundi aliyemfunza shemeji, na ndivyo wanavyofanya wote. Hakuna anayefikiri. Mkono unajua njia ya guniani kama ng'ombe anavyoijua njia ya zizini.

Siku chache baadaye kikaonekana kipande kwenye mfereji wa maji machafu. Jicho moja na nusu ya nyusi. Kilikuwa kimekwama mbele ya kibanda cha fundi wa kona.

Fundi wa kona alikuwa rafiki wa shemeji tangu ujana. Walifunzwa na mtu mmoja, walikula sahani moja, na mpaka siku ile walikuwa wakitumia pasi moja ya mkaa, asubuhi huku, jioni kule. Alikuwa mtu wa kicheko; alicheka kibandani kwake na sisi huku tukajua kuna habari. Walimchukua mchana mweupe, futi ya kupimia shingoni, mteja kapimwa kifua bado kiuno. Gari likaja, gari likaondoka. Vali akatangaza kwa kipaza sauti kwamba adui ameng'olewa.

Ule mfereji, ndugu yangu, unatoka kwetu kwenda kwa fundi wa kona. Maji hayapandi mlima. Shemeji alisimama akiutazama, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Akavuta gunia la mabaki ili ayachome. Gunia lilikuwa jepesi.

"Mabaki yako wapi?" akamuuliza mkewe.

"Mabaki gani?"

"Ya uso."

"Si nilijazia mto."

"Mto gani?"

Dada yangu alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekuuliza jua gani. "Kwani tumeshona mito mingapi?"

Shemeji akakaa sakafuni.

Wakaniita, kama wanavyoniita mambo yakiwa makubwa. Waliponieleza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada yangu naye akaanza. Shemeji hakucheka.

"Chekeni," akasema. "Mwenzangu yuko ndani kwa jicho moja. Mimi nina kilo nzima ya masikio chini ya makalio ya Katibu. Yakitoka ni mimi, na baada yangu ni huyu, na watoto watakula kwako, wewe unayecheka."

Hapo nikanyamaza. Mimi sipendi watoto wakila kwangu, wanakula sana.

Nikampa shauri: aende aseme ameona mshono haukukaa sawa, auchukue mto aurekebishe. Shauri rahisi, la mtu mwenye akili. Kesho yake tukaenda wawili.

Ofisi ile zamani ilikuwa stoo ya mafuta ya taa na harufu haijawahi kuhama. Kuna dirisha moja lenye nondo, picha ya Mlezi iliyopigwa kabla hajaanza kupaka rangi masharubu, meza, kipaza sauti kikiwa kimelazwa juu ya meza kama bata, na benchi la wanaongoja vibali. Kila kitu kilikuwa na kibali: kulaza mgeni, kusafiri, kuezeka, kuzika. Siku ile walikuwapo mwalimu, muuza mkaa, na bibi mmoja mwenye fimbo aliyefiwa na kaka yake. Vali alikuwa juu ya mto, amepanda kimo, anatutazama kutoka huko juu.

"Katibu," shemeji akasema, "nimekuja kuutazama mto. Nadhani sindano haikupita vizuri. Nipe niurudie."

"Mto uko sawa. Tangu niukalie nimepona nusu."

"Niuongezee basi foronya. Ya kitambaa kizuri."

"Fundi, mbona unaufuata sana mto huu? Umefichamo dhahabu?" Akacheka, akawatazama wa benchi wacheke naye, wakacheka. Kwa kutaka kuonyesha ubora wake akajiinua kwa mikono, akajibwaga kwa nguvu. Akajiinua tena, akajibwaga.

Mshono wa kushikiza ukafanya kile ambacho mshono wa kushikiza hufanya.

Kwanza likatoka sikio. Likafuata nusu sharubu. Halafu, kwa sababu Vali aliinama upande kutazama watu wanatazama nini, jicho zima likateleza kutoka chini ya paja lake, likaanguka sakafuni, likatutazama.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi ngumu kama ile ya kutoona. Mwalimu alitazama dari. Muuza mkaa akaanza kuchunguza kucha zake, nyeusi zote, akizilinganisha. Maana ukiona umekuwa shahidi, na shahidi ataulizwa kwa nini hakuripoti jana. Bibi peke yake ndiye aliyeinama kwa fimbo yake, akatazama vizuri, akasema kwa sauti ya mtu anayekwambia kamba ya kiatu imefunguka:

"Katibu, umemkalia Mlezi."

Vali akawa na rangi ya majivu. "Hakuna aliyeona kitu hapa," akasema.

"Mimi nimeona. Ila sikujia hilo. Nimekuja kwa kibali cha kumzika kaka yangu, hii siku ya tatu."

Alipigiwa mhuri hapo hapo. Kaka yake alikuwa marehemu mwenye bahati kuliko wote mtaani. Mwalimu akapata kibali cha kusafiri, ambacho alikuwa amenyimwa tangu mwaka juzi. Muuza mkaa akapata cha mgeni, akaulizwa kwa adabu kama angependa na cha mgeni wa pili. Vyote hivyo Vali alivifanya amekaa pale pale, amebana mapaja, kama kuku juu ya mayai.

Wakatoka. Akafunga mlango. Tukabaki watatu, na harufu ya mafuta ya taa.

"Umenitega," akamwambia shemeji.

"Sikukutega. Uliharakisha."

"Nitakupeleka. Leo hii. Gari linakuja nikisema neno moja."

Hapa nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu zuri sana, lakini shemeji akaniwahi. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kama cherehani iliyolegea mkanda. Lakini aliyasema.

"Nipeleke. Wakikuuliza umevipata wapi, waonyeshe kiti."

Vali akakitazama kiti.

"Umekaa juu yake wiki nzima," shemeji akaendelea. "Mimi nimekata. Kukata wamekata wote. Kukalia umekalia wewe. Sasa simama nikushonee, halafu umrudishe mwenzangu."

Vali akasimama. Shemeji akatoa sindano kolani, akapiga magoti sakafuni, akarudisha jicho ndani, sikio ndani, akaanza kushona kwa mshono wa kweli, mdogo na wa kubana. Vali alimsimamia kama mgonjwa anayengoja dawa. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kutema mate.

"Siwezi kumrudisha."

"Ulimpeleka wewe."

"Kupeleka naweza. Kurudisha sijui. Sijui hata wanapitia mlango gani. Hawajawahi kunionyesha." Akashusha sauti. "Na nikiuliza, wataniuliza kwa nini nauliza."

Huyo ndiye simba wetu. Ndiye tuliyekuwa tunamwamkia. Mtu anayeweza kukutumbukiza kisimani na hana hata kamba ya kuteka maji. Na nikufikirishe kidogo, kama unapenda kufikiri: aliye juu yake naye ni hivyo hivyo, na aliye juu ya huyo pia, ngazi nzima ni watu wanaojua kusukuma tu, na kila mmoja anakalia kitu anachoomba kisichomoke.

Walikubaliana hivi: kesho yake Vali aende makao makuu aseme mfereji ule unapokea maji ya mitaa mingi, hakuna anayejua kipande ni cha nani. Akaapa kwa mama yake.

Nilimfuata, maana mimi na viapo vyake tunajuana. Alifika mbele ya jengo, akasimama ng'ambo ya barabara. Akavua kofia. Akakaa kwa mng'arisha viatu, akang'arishwa, akatazama geti, akamwambia yule bwana amng'arishe tena. Mlinzi alimtazama mara moja tu, tena kwa bahati mbaya, na Vali akainuka akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka. Jioni akamwambia shemeji: "Nimezungumza nao. Wamelichukua."

Fundi wa kona alirudi baada ya majuma mengi, na nitakwambia alirudishwa na nini. Vikundi vya kwaya vilikuwa vinaletwa kutoka mikoani kwa ajili ya mkutano wa uwanjani, vikakosa pa kulala. Jengo walimofungiwa likahitajika. Wakawatoa waliokuwamo, wakafagia, wakaweka magodoro ya waimbaji. Huruma ya Mlezi ni suala la vyumba. Alikuja kwa miguu, mkono wa kulia umefungwa tambara, vidole viwili vimepinda havinyooki. Getini waliwaambia waseme asante. Alisema.

Vali hakupoteza muda. Kipaza sauti kikalia mtaa mzima: "Niliwaombea. Mlezi amesikia." Na watu, niseme nini juu ya watu, wakaenda kumshukuru. Mmoja na mayai, mwingine na sabuni. Mke wa fundi wa kona alikuwa anapita na kuku kwapani alipomkuta shemeji kwenye cherehani.

"Shemeji, unakwenda wapi na kuku?" shemeji yangu akamuuliza. Waliitana shemeji kwa ule urafiki wa waume.

"Kwa Katibu. Mume wangu amerudi."

"Usimpelekee."

"Kwa nini?"

"Hakumrudisha yeye."

"Nani basi?"

Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, nikaona jinsi alivyokamatika. Akimwambia, lazima aeleze mto. Akieleza mto, kichwa chake mwenyewe kiko ndani. Ule mto ulikuwa umewafunga wawili pamoja, yeye na Vali, na angekaa kimya mpaka kufa, na kuku wangeendelea kupelekwa. Ndivyo wanavyodumu, ndugu yangu. Si kwa bunduki zote hizo. Ni kwa sababu kila mtu ana kamto kake.

Dada yangu alitoka mlangoni, akasimama, akamtazama mumewe. Hakusema kitu, na kwake hiyo ni dalili ya mwisho wa dunia.

Shemeji akaondoa mguu kwenye pedeli. Akaeleza. Mabaki, gunia, mto, jicho sakafuni, vibali, mng'arisha viatu. Akaeleza mfereji unatoka wapi na kwamba kipande kile huenda kilikuwa chake. Hakushusha sauti. Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zikafurika.

Mke wa fundi wa kona alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo alikalia," akasema.

"Alikalia."

"Wiki nzima."

"Na akapona nusu."

Akamhamisha kuku kwapa la pili, akarudi nyumbani kwake. Kufika jioni mtaa mzima ulijua, hata viziwi. Usiku huo dada yangu alimfungia mumewe shati na mswaki katika kifurushi. Tukalingojea gari. Siku zikapita, halikuja. Aliyestahili kuliita alikuwa anapita mtaani na mto wake kwapani, asubuhi kwenda, jioni kurudi; hawezi kuuchoma, moshi wa nguo unajulikana; hawezi kuutupa, ameshaona mifereji inavyofanya.

Siku ya uwanjani ikafika. Jua lilikuwa kali la kupasua mawe. Wanawake wa mitaa yote walisimama jukwaani wamevaa uso, maelfu ya nyuso, na hakuna hata mmoja uliokuwa mzima: pua imeingia kwenye mshono, jicho liko begani, masharubu yanazunguka kiuno. Sisi wanaume tulipangwa kando ya uzio wa chini. Mlezi alikuwa mbali huko, chini ya mwavuli, miwani nyeusi, kwenye kiti. Kwaya ziliimba. Hotuba ilisomwa. Ikasomwa nyingine.

Katikati ya hotuba ya tatu, mke wa fundi wa kona akakaa.

Alikaa tu, kama mtu aliyechoka. Dada yangu akakaa kando yake. Yule bibi wa fimbo akakaa, akanyoosha miguu. Safu nzima ya mtaa wetu ikashuka. Vali alikuwa mbele yao na kipaza sauti. Akageuka, akakinyanyua mdomoni. Wakamtazama. Akakishusha, akageukia upande wa mpira, ambako hapakuwa na mpira.

Na sasa sikiliza ujinga wa nchi hii ulivyo na faida yake. Mitaa ya jirani walipoona wetu wamekaa, walidhani amri imetoka. Wakakaa. Wa juu yao wakaona, wakakaa haraka wasije wakaonekana wamechelewa. Makatibu wao nao waliona wenzao wamenyamaza, wakadhani wao ndio hawakupewa taarifa. Uwanja mzima ukashuka kama maji, wanawake wote juu ya Mlezi, na Mlezi kule chini ya mwavuli anapunga mkono.

Chini uzioni, fundi wa kona alikuwa kando ya shemeji, mkono wake mbaya mfukoni. Gauni la mkewe alikuwa amekatiwa na shemeji, kwa kuwa yeye mkasi haushiki tena. Siku hizi mmoja anakata na mwingine anashona. Alikuwa amelikazia macho kwa muda mrefu.

"Bega la kushoto umelivuta," akasema.

"Nilikuwa nakwepa pua."

"Ungeikata tu."